Miezi Isiyo na Mpira: Yaliyoifika Al Wasl na Mazingatio Yake Kwetu



Kila ufikapo mwezi wa Juni, maisha yetu ya hapa Dubai hubadilika. Skuli hukaribia kufungwa, mizigo hufungwa tayari kwa safari za Dar es Salaam, Mombasa na Unguja, na kuanzia tarehe 15 Juni hadi 15 Septemba sheria huwakataza waajiri kuwafanyisha watu kazi juani kutoka saa sita u nusu hadi saa tisa mchana. Viwanja vya mpira navyo hunyamaza. Ligi ya Imarati humalizika kwa kawaida mwezi wa Mei, nayo hairejei mpaka joto lianze kupungua makali yake.

Kwa sababu hiyo wengi wetu hudhani kwamba katika miezi hiyo hakuna jambo lolote kubwa linalopita katika kandanda. Dhana hiyo haiko sawa. Mpira huchezwa uwanjani kwa dakika tisini, lakini msimu hujengwa au hubomolewa katika vyumba vya mikutano wakati uwanja ni mtupu. Hapo ndipo kocha huajiriwa au huachishwa, mchezaji huuzwa, mwingine hununuliwa, na viongozi hupokezana usukani. Watazamaji hawapo, hivyo anayekosea hazomewi siku hiyo. Huzomewa miezi sita baadaye, na mara nyingi anayezomewa si yule aliyekosea.

Tumeona vyema mwezi huu tulizungumze jambo hilo kwa kutazama klabu moja ya mji huu huu tunaoishi, klabu ya Al Wasl, ambayo uwanja wake wa Zabeel haupo mbali na nyumba za wengi wetu. Tumeichagua kwa kuwa kisa chake kina mafunzo, na kwa kuwa mafunzo hayo hayawahusu matajiri wa kandanda peke yao.

KLABU NA FAHARI YAKE

Al Wasl ilianzishwa mwaka 1960 kwa jina la Al Zamalek, na katika miaka ya sabini ikachukua jina ililo nalo leo. Rangi yake ni njano, jambo linalowafurahisha ndugu zetu wa Jangwani wakaapo hapa. Katika miaka ya themanini ilikuwa ndiyo timu ya kuogopwa: ilitwaa ubingwa wa nchi msimu wa 1981/82, ikarudia 1982/83, kisha 1984/85 na 1987/88. Miaka ya tisini ikaongeza mara mbili. Msimu wa 2006/07, chini ya kocha Mbrazili Zé Mário, ikachukua ubingwa na Kombe la Rais kwa pamoja.

Baada ya hapo ukaja ukame. Klabu iliyozoea vikombe huwa na maradhi yake maalumu, nayo ni kutokuwa na subira. Mashabiki hukumbuka jana wakadai leo ifanane nayo, na viongozi, badala ya kuuliza ni kitu gani kimepungua, hutafuta jina kubwa la kuwanyamazisha watu. Mwezi wa Mei 2011 Al Wasl ilipata jina ambalo duniani kote hakukuwa na kubwa kulishinda: Diego Maradona.

MWAKA MMOJA WA MARADONA

Hakuna haja ya kueleza Maradona alikuwa nani. Hata bibi zetu visiwani, ambao hawakuwahi kuingia uwanjani, walilijua jina lake tangu Kombe la Dunia la 1986. Alipewa mkataba wa miaka miwili. Waandishi walimiminika, picha zake zikatapakaa, na Zabeel ikawa inatajwa katika magazeti ya nchi ambazo hapo kabla hazikujua kuwa kuna klabu iitwayo Al Wasl. Ikiwa nia ilikuwa kutajwa, nia ilitimia.

Lakini kutajwa ni jambo moja na kushinda ni jingine. Kocha alisema waziwazi kwamba anahitaji wachezaji bora zaidi. Kwa lugha ya kwetu, alikabidhiwa chombo kilichopakwa rangi mpya ambacho mbao zake hazijabadilishwa. Timu ilimaliza ligi ya msimu wa 2011/12 ikiwa ya nane katika timu 12. Katika Kombe la Klabu Bingwa za Ghuba ilifika fainali dhidi ya Muharraq ya Bahrain. Ilishinda mchezo wa kwanza ugenini, ikapoteza wa pili hapa nyumbani, na kikombe kikaondoka kwa mikwaju ya penalti.

Yeye mwenyewe naye hakuwa mtu wa kukaa kimya. Mwezi wa Machi 2012, katika mchezo dhidi ya Al Shabab, alipanda jukwaani kuwakabili mashabiki aliodai kuwa wamewavunjia heshima wanawake wa upande wa timu yake. Wapo waliomlaumu na wapo waliomtetea. Sisi tunataja hilo ili isemwe haki kwa pande zote mbili: kumwajiri Maradona ni kumwajiri pamoja na hasira zake, na aliyemwajiri alilijua hilo kabla ya kutia saini. Tusisahau pia kwamba mwezi wa Novemba 2011, akiwa mwajiriwa hapa Dubai, mama yake mzazi alifariki Argentina. Nani kati yetu asiyejua uzito wa habari ya namna hiyo inapomkuta mtu katika nchi ya kazi?

Msimu ulipokwisha, uongozi uliomleta uliondoka madarakani na mwingine ukaingia. Hapo ndipo penye kiini cha kisa chetu. Tarehe 10 Julai 2012, katikati ya joto, mpira ukiwa haupo, bodi mpya ilikutana kutathmini kazi ya kocha, na uamuzi ukatoka kwamba Maradona na wasaidizi wake wote wameachishwa. Mkataba ulikuwa umebakia mwaka mzima.

Je, bodi ilikosea? Kwa hesabu ya matokeo, sababu ilikuwapo. Timu ya nane haina cha kujivunia. Lakini ipo tofauti kati ya kumwondoa kocha kwa kuwa umepima ukaona hafai, na kumwondoa kwa kuwa aliletwa na waliokutangulia. Mambo hayo mawili kwa nje hufanana kabisa, na aghalabu hata anayeamua hajui ni lipi lililomsukuma. Dalili ya kuyatofautisha ni moja tu: kutazama kama baada ya kuondoka mtu kulikuwa na mpango, au kulikuwa na pengo.

MAREHEMU BRUNO METSU

Aliyeletwa kushika nafasi hiyo mwezi huo huo wa Julai alikuwa Bruno Metsu, Mfaransa ambaye sisi Waafrika tunamkumbuka kwa wema. Ndiye aliyeiongoza Senegal hadi fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 2002, na miezi michache baadaye, tarehe 31 Mei, akaipiga Ufaransa, nchi yake mwenyewe na bingwa wa dunia wa wakati ule, bao moja kwa bila kule Seoul. Senegal ikafika robo fainali. Huko Senegal alioa, akasilimu na kuitwa Abdul Karim. Hapa Imarati aliipa Al Ain ubingwa wa Asia mwaka 2003, na Januari 2007 akaipa timu ya taifa Kombe la Ghuba kwa mara ya kwanza katika historia yake.

Kwa hiyo uchaguzi wenyewe haukuwa mbaya. Pengine ulikuwa bora kuliko ule wa Maradona: mtu aliyeijua nchi na desturi za watu. Lakini mipango ya wanadamu ina mpaka wake. Mwezi wa Oktoba 2012 Metsu alibainika kuwa na maradhi ya saratani, akaacha kazi ili atibiwe. Mwaka mmoja baadaye, Oktoba 2013, alifariki akiwa na umri wa miaka 59, akazikwa Dakar. Allah amrehemu na ampe makazi mema.

Tunalieleza jambo hili kwa sababu linawagusa viongozi wa kila kikundi. Maradhi hayawezi kulaumiwa kwa yeyote. Linaloweza kuulizwa ni kwamba klabu ilikuwa imejiandaa vipi endapo kiongozi wake mmoja hatakuwapo. Kikosi kilichojengwa juu ya mtu mmoja, awe maarufu kama Maradona au mwenye hekima kama Metsu, huanguka siku ile mtu huyo anapoondoka, kwa kheri au kwa shari.

MANAHODHA WENGI

Na ndivyo ilivyokuwa. Aliletwa Mfaransa Guy Lacombe, naye hakudumu. Baada yake akaja Laurent Banide, kisha Héctor Cúper, Muargentina aliyepata kuifikisha Valencia fainali mbili mfululizo za Ulaya, kisha Mbrazili Jorginho, bingwa wa dunia wa 1994. Kabla mwaka 2014 haujaisha alikuwa ameshafika Gabriel Calderón. Ukianza na Maradona mwenyewe, hayo ni majina saba katika muda usiozidi miaka miwili na nusu tangu siku ile ya Julai. Wahenga walisema kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Wao walikusudia manahodha wengi kwa wakati mmoja, lakini hata wakipokezana mmoja baada ya mwingine chombo hakisalimiki.

Tufikirie hali ya mchezaji kijana katika klabu ya namna hiyo. Kocha wa kwanza anamwambia akae nyuma, wa pili anamtaka mbele, wa tatu hamjui kabisa, wa nne anamsifu na kuondoka wiki ya pili. Kijana huyo hawezi kukua, kwa kuwa kukua kunahitaji mtu aliyekuona jana na atakayekuona kesho. Hasara hiyo haiandikwi katika hesabu za klabu, ilhali ni kubwa kuliko fidia wanayolipwa makocha.

Msimu wa 2016/17 mambo yalianza kutengemaa. Rodolfo Arruabarrena kutoka Argentina aliachiwa nafasi ya kufanya kazi, timu ikamaliza ya pili nyuma ya Al Jazira, na mshambuliaji Fabio Lima, aliyekuwapo tangu 2014, akawa kipenzi cha Zabeel. Msimu uliofuata walifika fainali za vikombe wakashindwa. Hatimaye katika mapumziko ya 2018 Arruabarrena akaondoka. Aliyechukua nafasi yake, Gustavo Quinteros, hakufika hata mwisho wa mwaka ule. Kosa lile lile, katika miezi ile ile.

LILILOBADILIKA

Mwezi wa Juni 2023 Al Wasl ilimwajiri Miloš Milojević, mzaliwa wa Serbia mwenye uraia wa Iceland, akitoka Crvena Zvezda ya Belgrade alikotwaa ubingwa. Halikuwa jina la kukusanya waandishi wa dunia. Watoto wetu wengi hawakumjua. Lakini alikuta timu ambayo uti wake wa mgongo ulikuwapo. Fabio Lima alikuwa angali klabuni baada ya makocha wengi kuja na kwenda, akiwa amekwisha kupata uraia wa Imarati na kuichezea timu ya taifa. Waliosajiliwa walisajiliwa kuziba mapengo yaliyoonekana.

Msimu wa 2023/24 Al Wasl ilitwaa ubingwa wa nchi, wa nane katika historia yake na wa kwanza baada ya miaka 17, na pia Kombe la Rais, kwa kumfunga jirani yake Al Nasr katika fainali. Yaliyoshindikana kwa jina kubwa kuliko yote yalipatikana kwa mtu asiyejulikana sana. Hatusemi kwamba jambo hilo lilidumu milele. Mwaka 2025 Milojević naye aliondoka. Kocha wa mpira ni kama sisi sote hapa ugenini: yupo kwa muda wa mkataba. Swali halikuwa kamwe kama ataondoka. Swali ni atakapoondoka ataacha nini, na ataondokaje.

Wapo watakaosema kwamba maamuzi ya mapumziko huwa magumu kwa kila klabu, nao wana haki. Mwezi wa Mei 2017 klabu tatu za mji huu, Al Ahli, Al Shabab na Dubai, ziliunganishwa kuwa moja, Shabab Al Ahli. Fikiria shabiki wa Al Shabab aliyeambiwa kwamba rangi yake ya kijani imekwisha na kwamba sasa ni ndugu wa hasimu wake. Uchungu ulikuwapo. Hata hivyo, klabu hiyo mpya ilipewa muda, na ikatwaa ubingwa wa 2022/23 na wa 2024/25. Uamuzi mchungu unaweza kuzaa matunda ikiwa walioufanya watakaa nao, hawataubadilisha kila mwaka.

MSIMBAZI NA JANGWANI

Tukiwacheka watu wa Zabeel, na tutazame kwetu. Simba ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara mara nne mfululizo, kuanzia 2017/18 hadi 2020/21. Tazama yaliyofuata. Didier Gomes aliondoka Oktoba 2021 baada ya kutolewa na Jwaneng Galaxy ya Botswana. Akaja Pablo Franco, akaondoka msimu ulipokuwa ukiisha. Katika mapumziko ya 2022 akaletwa Zoran Maki. Kufikia Septemba alikuwa ameshaondoka. Juma Mgunda akashika kwa muda, kisha Robertinho kutoka Brazil, aliyeachishwa Novemba 2023 baada ya kufungwa na Yanga mabao matano kwa moja. Akaja Abdelhak Benchikha wa Algeria, naye akaondoka Aprili 2024. Katika misimu hiyo mitatu ubingwa ulikwenda Jangwani, na msimu wa nne, 2024/25, ukaenda huko huko.

Mtani wa Msimbazi atatujibu haraka: Yanga nayo imebadilisha makocha! Ni kweli, na insafu inatulazimisha kulikubali hilo. Nasreddine Nabi aliipa Yanga ubingwa mara mbili na kuifikisha fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika mwaka 2023, kisha mkataba wake ukaisha, akaondoka Juni. Miguel Gamondi akapokea, akatwaa ubingwa, akaachishwa Novemba 2024. Sead Ramovic akakaa chini ya miezi mitatu, akaenda Algeria. Miloud Hamdi akaumalizia msimu wa 2024/25 kwa ubingwa.

Basi kwa nini mmoja aliyumba na mwingine hakuyumba? Kwa rai yetu, jawabu halimo katika benchi la makocha, limo juu yake. Tangu Julai 2022 Yanga iliongozwa na rais mmoja, Mhandisi Hersi Said, na kikosi hakikufumuliwa chote kila mwaka. Kocha aliyeingia alikuta nyumba yenye nguzo. Alibadilisha mapazia, hakuanza kuchimba msingi. Kumbadilisha kocha si dhambi. Tatizo ni kubadilisha kila kitu kwa pamoja, kisha kushangaa kwamba hakuna kilichobaki.

Hata hivyo, Yanga nayo ina doa la kulizungumza, na doa hilo linamhusu kijana wa Unguja. Mwezi wa Disemba 2022 kiungo Feisal Salum, maarufu kwa jina la Fei Toto, aliiarifu klabu kwamba amevunja mkataba, akaweka Sh. 112 milioni katika akaunti yake akiamini kuwa mkataba unamruhusu kujinunua kwa fedha hizo. Klabu ilikataa. Januari 2023 kamati ya shirikisho la mpira ikaamua kwamba kijana angali mchezaji wa Yanga. Ikapita karibu nusu mwaka, klabu ikisema ni wake na yeye akisema si wao, na miguu yake imekaa bure. Mwishowe, tarehe 5 Juni 2023, Rais Samia Suluhu Hassan alipowaalika Yanga Ikulu, aliwaomba viongozi walimalize jambo hilo. Siku chache baadaye Azam ikatangaza kumsajili. Msimu uliofuata alifunga mabao 19 ya ligi.

Hatuingii katika kuhukumu nani alikuwa na haki. Kamati zenye ujuzi zilikwisha kusema. Tunalosema ni kwamba jambo lililomalizwa kwa neno la mtu mzima katika karamu lingeweza kumalizwa na watu wazima wengine miezi sita kabla. Mkataba ni ahadi, na ahadi ina uzito mbele ya Mwenyezi Mungu. Lakini mkataba uliosomwa kwa namna mbili na pande mbili ni ahadi iliyoandikwa vibaya, na dawa yake ni kuketi na kuzungumza mapema.

NA SISI JE?

Ndugu msomaji, huenda ukauliza: sisi na Al Wasl wapi na wapi? Tunajibu kwamba sisi tumo ndani ya kisa hiki kwa njia tatu.

Ya kwanza ni mikataba yetu wenyewe. Wengi wetu tunaishi kwa makubaliano ya mwaka au miaka miwili, na kwa wengi wetu meneja mpya anapoingia ofisini ndipo roho zinapodunda. Maradona aliachishwa na watu waliomkuta kazini, si waliomwajiri. Atakaye kujihifadhi na hayo asitegemee kwamba aliyemwajiri atakuwapo siku zote. Auweke mkataba wake mahali pa salama, ajue muda wa notisi, ajue haki yake ya mwisho wa kazi, na asingoje mwezi wa Juni ndipo aanze kuuliza.

Ya pili ni watoto wetu. Mwishoni mwa mwaka 2017 serikali ya Imarati iliruhusu waliozaliwa nchini wasio raia kushiriki mashindano rasmi ya michezo, na klabu zikaanza kuwasajili wachezaji wakaazi. Mlango huo ni neema, na vijana wetu wenye vipaji wanaweza kuuingia. Lakini mzazi ajue kwamba mtoto aliyesajiliwa na kocha huyu anaweza kuachwa na kocha yule katika mapumziko, bila kosa lolote. Basi masomo yasiwekwe rehani. Mzazi ahudhurie anaposainishwa mtoto, asome kila karatasi, na asiloelewa amwombe mjuzi amfasirie. Hakuna aibu katika kuuliza. Aibu ipo katika kutia saini gizani.

Ya tatu ni jumuiya na timu zetu ndogo za Ijumaa. Tumeshuhudia mara nyingi kwamba timu ikivunjika haivunjiki kwa kufungwa. Huvunjika wakati wa joto, nusu ya watu wakiwa nyumbani, pale wachache waliobaki wanapokutana, kumvua nahodha uongozi, na kugawana jezi. Wenzao wakirejea Septemba wanakuta timu mbili zisizosalimiana. Wahenga wametuusia tusiache mbachao kwa msala upitao. Kwa hiyo tunapendekeza mambo mepesi yafuatayo kwa kila kikundi chetu, kiwe cha mpira, cha maziko au cha madrasa:

Uamuzi wa kumwondoa kiongozi usipitishwe wakati wanachama wengi wamesafiri, ungoje warejee.

Anayeondolewa aitwe na aambiwe mwenyewe, ana kwa ana, kabla hajasikia kwa watu. Shukrani ya kazi yake itangulie sababu ya kuondolewa.

Hesabu na daftari zikabidhiwe kwa maandishi, mbele ya mashahidi wawili.

Uongozi mpya ukae angalau miezi mitatu ukitazama kabla ya kubadilisha, ila palipo na uharibifu wa wazi.

Hatimaye, asitukanwe aliyeondoka. Maradona aliachishwa Julai 2012, na mwezi uliofuata Baraza la Michezo la Dubai likampa heshima ya kuwa balozi wa michezo. Mwaka 2017 alirejea Imarati kuifundisha Fujairah, akakaa huko hadi Aprili 2018, na msimu uliofuata klabu hiyo ikacheza ligi kuu. Alifariki tarehe 25 Novemba 2020. Mji uliomwachisha kazi haukumfungia mlango, wala yeye hakuufunga. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Leo unamwaga mtu, kesho utamhitaji, au mwanao atamhitaji.

Tunawatakia wanaosafiri safari ya salama na wanaobaki subira ya joto. Wenye timu na jumuiya zinazokusudia kuchagua viongozi mwaka huu, tunawasihi mkutano mkuu uwekwe baada ya skuli kufunguliwa. Tangazo likituletea mapema, tutalichapisha katika kurasa hizi bila malipo, ili asiwepo wa kusema hakuambiwa.

Wabillahi tawfiq.